Rola kosta ya mbao chumbani: vumbi halipungui

Haya, leo tuiweke kando PHP na MySQL. Mchana naandika programu, usiku uraibu wangu ni useremala. Kwa miezi saba nimekuwa nikijenga rola kosta ya mbao inayofanya kazi kweli, ndani ya chumba changu cha kupanga hapa Nairobi.

Kwa wale ambao hamjaiona: ni reli yenye vilima na mabonde. Mnyororo huvuta kigari hadi kilele cha kilima cha kwanza, kisha hukiachilia. Kuanzia hapo hakuna injini tena. Nishati ya kilima hicho ndiyo mtaji wote, na kila kona hutoza ushuru wake.

Kipimo nilikiazima kwa Cyclone ya Coney Island, New York, iliyofunguliwa mwaka 1927. Kimo chake ni futi 85, kama mita 26. Nikagawanya kwa 25, nikapata sentimita 104. Mbao ni saipresi kutoka Gikomba, mota ilitoka kwenye printa iliyokufa, na beringi za magurudumu zilitoka kwenye feni za tarakilishi kuukuu.

Sasa sikia utamu wake. Mbao unaweza kuzigawanya kwa 25, lakini mvutano wa dunia haugawanyiki. Ukipunguza kimo mara 25, kasi hupungua mara 5 tu, yaani kipeuo cha pili cha 25. Ukiacha msuguano, kigari changu kinafika chini kikienda mita 4.5 kwa sekunde. Mteremko wa sekunde 10 kwenye rola kosta halisi, kwangu huisha kwa sekunde 2.

Vumbi nalo halipungui. Kiungo cha reli kilichoinuka nusu milimita huwezi hata kukiona vizuri, lakini kwa magurudumu yangu ni sawa na ukingo wa milimita 12.5 kwenye ile kubwa. Vihisi vya mwanga nilivyofunga kando ya reli vilionyesha kasi ikiliwa kiungo baada ya kiungo. Kilima cha tatu kina sentimita 60. Kigari kilifika 57, kikasimama, kikarudi nyuma.

Wakati huohuo mwenye nyumba akatupa notisi: tuhame kabla ya mwezi kuisha. Chumba kipya nilichopata ni kidogo, reli yote haingeenea. Zilibaki siku tisa. Rafiki yangu akaniambia, "Si ukipunguze tu hicho kilima?" Nyinyi waandishi wa programu mnaijua hila hiyo: jaribio likikataa kupita, unalibadilisha jaribio. Nikakataa.

Rola kosta halisi za mbao hupanga mbao tabaka juu ya tabaka, kisha huweka ukanda wa chuma juu ambapo gurudumu hupita. Nikafanya hivyo hivyo. Nilipiga msasa viungo vyote, nikagandisha juu yake kanda nyembamba za chuma, zile za kufungia mizigo. Usiku wa tarehe 28 kigari kilipanda kilima cha tatu polepole kama mzee anayepanda ngazi, kikavuka. Nilirudia mara 20, kikavuka mara 17.

Asubuhi nikafungua skrubu zote. Chumba kipya kinatosha vilima viwili tu. Cha tatu kiko chini ya kitanda, bado kina sentimita 60.