Mikono Juu ya Wavu

Mtu apewaye filimbi hupewa pamoja nayo amana. Wanaoshinda humwona mwema, wanaoshindwa humwona mbaya. Naye hana ngao ila kuijua sheria na kuwa na moyo wa kuitamka. Mimi nilijifunza hayo katika uwanja wa mpira wa wavu, na nilijifunza kwa kukosa.

Kabla sijaeleza kosa langu, yafaa msomaji akumbuke jinsi mchezo huu ulivyo. Ulibuniwa mwaka 1895 na William G. Morgan katika mji wa Holyoke, Marekani. Wachezaji sita wa kila upande hupangwa safu mbili: watatu mbele na watatu nyuma. Timu inyang'anyapo wapinzani zamu ya kuanzisha mpira, wachezaji wake huzunguka nafasi moja kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa, hata kila mmoja akaonja mbele na nyuma. Mpira ukisha kuanzishwa, mchezaji aweza kwenda popote katika upande wake. Lakini aliye wa nyuma hubaki wa nyuma kwa sheria, hata akisimama karibu na wavu. Haruhusiwi kushiriki katika kuuzuia mpira wa wapinzani juu ya wavu. Kama si hivyo, aliye mrefu kuliko wote angalikaa wavuni tangu mwanzo hata mwisho, na mzunguko ungalikuwa jambo la bure.

Siku hiyo shule mbili za wasichana zilikutana katika fainali, na mimi nilikuwa mwamuzi wa pili, nimesimama chini karibu na nguzo, nikielekeana na mwamuzi wa kwanza aliyekuwa juu ya jukwaa lake. Seti zilikuwa mbili kwa mbili. Katika seti ya tano, ambayo mshindi hutakiwa kufikia pointi 15 na kuzidi kwa mbili, hesabu ilikuwa 14 kwa 13. Msichana mmoja wa timu iliyotangulia, ambaye kazi yake ilikuwa kuwainulia wenzake mpira, alikwenda nyuma ya mstari akauanzisha. Aanzishaye mpira ni wa safu ya nyuma. Jambo hilo halikuwa na shaka hata kwa mtoto mdogo.

Lakini mpira ulikwenda ukarudi mara tatu, na katika msukosuko ule watu wakasahau nani ni wa wapi. Msichana yule alikuwa amekwisha fika wavuni. Mpigaji wa upande wa pili aliporuka, yeye na mwenzake wa safu ya mbele waliruka bega kwa bega. Niliviona vidole vyake vikipita utepe wa juu wa wavu, ulioinuliwa mita 2.24. Mpira uligonga mikono ya mwenzake, ukaanguka upande wa wapinzani. Watazamaji walifurika uwanjani kwa nyimbo na vigelegele.

Nahodha wa timu iliyoshindwa alikwenda kwa adabu mbele ya mwamuzi wa kwanza kuomba maelezo. Mwamuzi aliniita akaniuliza, "Je, yule wa nyuma aliugusa mpira?"

Nikajibu, "Hakuugusa."

Jibu langu lilikuwa kweli tupu. Nahodha aliinamisha kichwa, akarudi kwa wenzake waliokuwa wakilia.

Usiku ule sikupata usingizi. Niliwasha taa, nikakifungua kitabu cha sheria ambacho nilidhani nakijua. Nilisoma kwamba wachezaji wawili au watatu waliokaribiana wakizuia pamoja, zuio lao ni moja, nalo hutimia mmoja wao augusapo mpira. Mchezaji wa nyuma akishiriki katika zuio lililotimia, amefanya kosa, ingawa mpira haukugusa hata ukucha wake. Swali lililostahili kuulizwa halikuwa kama aliugusa mpira, bali kama alikuwa katika kundi la wazuiaji, na kama sehemu ya mwili wake ilikuwa juu ya wavu. Yote mawili niliyaona kwa macho yangu. Ilinipasa kupiga filimbi, kuinua mikono yote miwili wima, viganja vikielekea mbele, kisha kumwonyesha mwenye kosa. Hesabu ingalikuwa 14 kwa 14.

Asubuhi nilikwenda katika shule iliyoshindwa, nikamwomba mwalimu wao aniitie nahodha. Nilimweleza mbele ya mwalimu wake kwamba nilikosa, na kwamba matokeo hayangeweza kubadilika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, sisi sote tuliona. Lakini ulipojibu, tulidhani sheria haiko upande wetu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi. Nilikuwa nimewanyima pointi moja. Tena nilikuwa nimewafanya watilie shaka haki yao wenyewe, kwa ukweli uliojibu swali lisilofaa.

Muda ulipita, nikapewa tena filimbi. Katika mchezo mwingine, mwinua mpira wa safu ya nyuma aliruka kando ya mwenzake aliyezuia, lakini alichelewa. Mpira ulipoguswa, mikono yake ilikuwa bado chini ya utepe. Umati ulipiga kelele, "Wa nyuma! Wa nyuma!" Sikupiga filimbi, kwa maana asiyefika juu ya wavu hahesabiwi kuwa mzuiaji. Vivyo hivyo, mchezaji wa kawaida wa nyuma akijaribu kuzuia na asiguse mpira yeye wala mwenzake wa karibu, hana kosa. Bali libero, yule mlinzi avaaye rangi iliyo mbali na ya wenziwe, hata kujaribu kumekatazwa. Sheria ile ile iliyomshika mmoja jana yaweza kumwokoa mwingine leo, ikiwa mwamuzi ameisoma mpaka mwisho.

Huenda wewe, msomaji, usishike filimbi maishani mwako. Lakini siku moja utaulizwa swali, na jibu fupi la kweli litakuwa karibu na ulimi wako. Ujiulize kwanza kama limeeleza yote uliyoyaona.