Raba Nyepesi, Vilima vya Mbooni, na Video Niliyoifuta

Kama umekuwa ukinifuata tangu mwanzo wa mwaka, unakumbuka ile video ya sekunde 40 nikiwa nimesimama juu huku Kikima asubuhi, nimeinua raba ya rangi ya chungwa kama mtu aliyeshinda kombe. Nilisema, "Hii ndiyo raba ya mazoezi ya kila siku. Nyepesi kama karatasi. Tafuta yako." Hakuna kitu nilichowahi kuweka kikatazamwa kama ile video. Wiki iliyopita niliifuta. Wengi mmeniuliza kwa nini, na wengine mkadhani nimetishwa na kampuni. Hapana. Wacha niwaeleze.

Ukweli wa kwanza ndio unaoniaibisha zaidi. Nilipokuwa narekodi ile video, nilikuwa nimekimbia na hiyo raba mara moja tu. Kilomita sita. Yaani nilikuwa nawashauri kuhusu kila siku, na mimi nimeivaa siku moja.

Raba yenyewe niliinunua mtumba sokoni, shilingi 1,800 baada ya kubishana na mama mwenye meza mpaka tukachekana. Kampuni sitaitaja, kwa sababu raba haikuwa na kosa lolote, na maneno yangu ni juu ya aina nzima ya hizi raba, si lebo moja. Jirani yangu mwenye duka alinipimia kwa mizani ya sukari: gramu 228 kwa mguu mmoja. Ile yangu ya zamani, yenye sponji nene kisiginoni, ilikuwa gramu 310. Halafu nikachukua namba iliyoandikwa ndani ya ulimi wa raba, nikaitafuta kwenye intaneti, nikapata kwamba dropu yake ni milimita 4.

Kwa asiyejua, dropu ni tofauti ya urefu kati ya pale kisigino kinapokaa na pale mbele ya unyayo unapokaa. Raba nyingi za kawaida za kukimbia zina dropu ya karibu milimita 10, yaani kisigino kimeinuliwa. Ikiwa milimita 4, mguu unakaa karibu bapa. Akala zile za tairi alizovaa babu yangu zilikuwa na dropu ya sufuri, na hakuna aliyempigia kelele kwenye video.

Hii aina si ya kigeni kwetu. Enda, kampuni ya Kenya iliyoanzishwa na Navalayo Osembo na Weldon Kennedy, iliingia Kickstarter mwaka 2016 na kiatu chake cha kwanza wakakiita Iten. Kilikuwa chepesi na dropu yake ilikuwa milimita 4 hizo hizo. Kwa hivyo mtu asidhani nakuja hapa kusema raba za aina hii ni mbaya. Mimi bado naivaa yangu. Shida ilikuwa jinsi nilivyoivaa na jinsi nilivyowaambia muivae.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu, kusema kweli. Mguu ulikuwa unageuka haraka, nasikia ardhi vizuri, na nikishuka kuelekea barabara ya Tawa sikuwa na ile hofu ya kifundo kupinduka juu ya sponji ndefu. Siku ya pili nikaongeza kilomita. Siku ya tatu nikapanda kilima chote bila kusimama, nikajiona Patrick Makau, yule Mkamba mwenzetu aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin mwaka 2011 kwa saa 2:03:38. Siku ya nne niliamka nikashindwa kuteremka ngazi tatu za jikoni. Kigimbi, ile misuli ya nyuma ya mguu, kilikuwa kimekaza kama jiwe, na kano ya kisigino ilikuwa inauma hata nikiigusa kwa kidole. Mwaitu akaniuliza kama nimegongwa na boda.

Nilikaa siku kumi na sita bila kukimbia. Na hapo ndipo nikaanza kusoma, kitu ambacho ningefanya kabla ya kurekodi.

Unapopunguza dropu, kazi haipotei, inahama. Kwa jumla goti linapumzishwa kidogo, halafu kigimbi na kano ya kisigino vinabeba zaidi, maana kisigino sasa kinashuka chini zaidi na ile kano inavutwa zaidi kila hatua. Mtu wa uwanja tambarare anaweza kuzoea bila hata kugundua. Lakini sisi tunaishi Mbooni. Nionyeshe kilomita moja tambarare hapa na nitakununulia soda.

Nilikaa chini na rula nikafanya hesabu. Kutoka kisiginoni hadi pale mbele ninapokanyagia ni kama sentimita 18. Kwenye kilima kinachopanda mita 10 kwa kila mita 100, mguu wote ukilala chini, kisigino kinakaa milimita 18 chini ya sehemu ya mbele. Ukivaa raba ya dropu ya 10, inakurudishia 10, unabaki na 8. Ukivaa ya 4, unabaki na 14. Sasa zidisha hizo 14 kwa maelfu ya hatua, kila asubuhi, kwa mtu ambaye kigimbi chake kimezoea 8. Si ajabu kilikaza.

Ukiteremka, hesabu inageuka. Kilima hicho hicho kinakuinulia kisigino milimita 18, raba ya 10 inakufikisha 28, kama umevaa kiatu cha harusi cha kina dada. Ya 4 inakufikisha 22. Ndiyo maana nilijisikia imara nikishuka. Kwa hivyo raba moja ilikuwa rafiki yangu asubuhi nikienda chini na adui yangu nikirudi juu, na mimi nikarekodi video nikiwa bado naenda chini.

Najua kuna wale wa kuandika kwenye komenti, "Kaka, sisi Wakenya tumezaliwa tukikimbia peku, hayo mambo ya kuzoea ni ya wazungu." Hata mimi nilikuwa nasema hivyo. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti kwenye jarida la Nature. Waliangalia wakimbiaji waliozoea peku, wakiwemo wa Bonde la Ufa hapa Kenya, wakaona wengi hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, wakati waliozoea raba hutua kwa kisigino. Watu wakaruka na hilo. Lakini mwaka 2013 ukatoka utafiti mwingine kuhusu Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu wanaokua bila viatu, na hao wakikimbia kwa mwendo wao wa kawaida wengi walitua kwa kisigino. Kumbe hakuna mguu wa Kikenya. Kuna mguu na mazoea yake. Babu yangu alitembea na akala tangu utotoni, akapanda na kushuka matuta ya shamba na jembe begani. Mimi nimevaa viatu vya shule vyenye kisigino miaka kumi na miwili, halafu nikaanza kupanda boda hata kwenda kununua unga. Nina damu yake lakini kigimbi chake sina.

Sasa nifike pale ambapo kunanifanya nisilale vizuri.

Nina binamu yangu upande wa Tawa, kijana wa miaka 21. Alikuwa anajiandaa kwa zoezi la kuajiri makurutu, na mnajua vile huwa hapa kwetu: wanaojitokeza ni wengi, nafasi ni chache, na mbio ndizo zinaanza kuwapunguza. Aliona video yangu. Shangazi akauza kuku wawili, wakaongeza akiba yake kidogo, akapata raba kama yangu kwa shilingi 1,500. Alikuwa na wiki tatu. Akaziweka zile za zamani kando kabisa, akawa anapanda kilima kila siku na mpya, kwa sababu mimi nilisema ni za kila siku. Siku kama tisa hivi baadaye akanipigia simu. "Kaka, mguu umekaza. Ni kawaida?" Mimi wakati huo nilikuwa kitandani nachua kigimbi changu kwa maji moto, na video bado iko juu, bado inatazamwa. Nilimwambia apumzike. Sikumwambia kwamba hata mimi nilikuwa nimelala kwa sababu hiyo hiyo. Niliona aibu.

Siku yenyewe alianza mbio na mguu haujapona. Katikati akavua raba, akamaliza peku, nyuma kabisa. Hakuchukuliwa.

Yeye anasema si raba. Anasema hata akiwa mzima pengine asingepita, watu walikuwa wengi mno. Huenda ni kweli, na hatutajua. Lakini wiki tatu zile alikuwa anafuata maneno yangu, na maneno yangu yalikuwa na umri wa kilomita sita. Nimemwambia haya yote ana kwa ana kabla ya kuwaandikia ninyi, mbele ya shangazi. Shangazi alinyamaza, halafu akaniletea muthokoi, akasema wakati mwingine nikipenda kitu, nikitumie kwanza mpaka kichakae.

Basi nimekitumia. Miezi minne sasa, na hii ndiyo tathmini ambayo ningewapa tangu mwanzo.

Raba nyepesi ya dropu ndogo ni nzuri kwa mazoezi ya kawaida, lakini si ya kila siku mpaka mguu wako uwe wa kila siku. Nilianza tena na kilomita moja, mara mbili kwa wiki, kisha nabadilisha na kuvaa ile nzito. Kila wiki naongeza kidogo, na nikiamka na kigimbi kigumu siongezi. Jioni nasimama kwenye ngazi ya jikoni kwa ncha za miguu, napanda na kushuka polepole mara kumi na tano, mapumziko, tena, mara tatu. Inachosha akili kuliko mwili. Kufikia wiki ya kumi ndipo nilipopanda kilima chote nayo bila kulipa kesho yake. Leo naivaa siku tatu kati ya tano ninazokimbia. Siku za kilima kirefu bado navaa ile ya dropu ya 10, na sioni haya.

Kuhusu soli: kokoto za barabara ya vumbi unazisikia, na mvua ikinyesha kwenye huu udongo mwekundu, gramu 228 zinakuwa kama nusu kilo ya matope. Soli upande wa nje imeanza kulika, lakini kitambaa cha juu bado kizima. Kwa 1,800 sina malalamiko.

Pia tusidanganywe na wepesi peke yake. Mwaka 2023 Tigist Assefa wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Berlin kwa 2:11:53 na raba ya gramu 138, iliyouzwa dola 500. Ile ilitengenezwa kwa siku ya mashindano. Kilichomfikisha pale ni miaka ya mazoezi. Mizani ya sukari haiwezi kukupimia hayo.

Na kama una mtihani wa mbio ndani ya mwezi mmoja, iwe ni ukurutu au mashindano ya kata, jibu langu ni fupi: usibadilishe raba. Kimbia na ile mguu wako umezoea, hata kama imechakaa, hata kama haipendezi kwenye picha. Mpya ianze baada ya hiyo siku.

Binamu yangu anaanza tena Jumatatu, kilomita moja. Nitakuwa naye. Sitarekodi.