Sungura Alibadilika, Lawama Nikabeba Mimi

Manze, kabla niache chuo nilikuwa natafuta ApoE kwa maabara, ile protini inasaidia kubeba mafuta na kolesteroli kwa damu. Haionekani kwa macho, so unatumia kingamwili ya kuishika. Yetu ilikuwa ya polikloni: sungura anadungwa protini ya binadamu, mwili wake unatengeneza kingamwili za aina nyingi, kila aina inashika sehemu yake. Halafu zinatolewa kwa damu yake.

Chupa ya kwanza ilinipa mstari mmoja safi. Ikaisha karibu yote, ikaletwa nyingine, jina lile lile. Mistari ikawa mitano. Nikaambiwa mimi ni mzembe, na nikaamini. Wiki tatu nikirudia.

Siku moja nikasoma lebo vizuri. Namba ya toleo ilikuwa tofauti. Toleo jipya linaweza kutoka kwa sungura mwingine, na mchanganyiko wake haufanani na wa kwanza. Nikatumia tone lililobaki la zamani kando ya jipya, sampuli moja. Zamani: mstari mmoja. Jipya: mitano.

Hakuna aliyesema pole. Lakini nililala.

Wewe umewahi kujilaumu kabla ya kusoma lebo?