Tunacheka Nini Hasa?

Mimi na mume wangu ni walokole, tunakaa Gongo la Mboto, na filamu tunaangalia. Tena za kuchekesha ndiyo zetu. Sasa kikundi chetu cha wanandoa kimegawanyika: Mkristo acheke ushoga na dini vikifanywa utani?

Ilianza na I Now Pronounce You Chuck & Larry ya 2007. Adam Sandler na Kevin James ni askari wa zimamoto New York, wote wanapenda wanawake, wanafunga ndoa feki ili watoto wa Larry wasikose mafao. Wenzetu waliikataa kwa sababu ya hiyo ndoa. Mimi iliniudhi kwa lingine. Mashoga humo wengi ni vibonzo, madoido na mavazi tu. Wanaoandamana kuwapinga nao ni vibonzo, wapo watukane halafu kiongozi wao ale ngumi ya Chuck. Mtu mzima mwenye moyo humuoni.

Saved! ya 2004 inauma zaidi, maana hiyo inatujua. Binti wa shule ya Kikristo Marekani anaamini Yesu amemtuma amwokoe mpenzi wake Dean, ambaye ni shoga. Analala naye, anapata mimba, na Dean anapelekwa kituo cha "kunyooshwa". Halafu rafiki mlokole anamrushia binti Biblia huku akidai ana upendo! Mume wangu akasema hiyo ni dharau kwa imani. Nikamwambia, mume wangu, wa kurusha Biblia si tunawajua?

Na tusisingizie Wazungu. Enzi za Ze Comedy pale EATV, Joti akivaa gauni nani hakucheka? (Masanja wa kundi hilo hilo baadaye akawa mhubiri, Mungu ana njia zake.)

Imani yangu haijabadilika: ndoa ni mume na mke. Ila nina shemeji, mdogo wake mume wangu, ana sauti laini. Wanakwaya wenzake walimpachika jina la kike, wakimuigiza kama kwenye video, mpaka akaacha kwaya. Kuhusu mapenzi hajasema lolote na sijamuuliza. Jamani, nchi hii kosa hilo ni jela kuanzia miaka 30 hadi maisha. Jina la namna hiyo likishafika mtaani, nani atakumbuka ulikuwa utani?

Siku hizi kikundini mtu akianza kuigiza sauti za "wale", mume wangu anachukua rimoti. "Wapendwa, tuweke nyingine." Wapo walionuna.

Shemeji kwaya bado harudi. Jumapili anakuja kula kwetu, na filamu anachagua yeye. Za ngumi tupu!