Mbwa wa Kuombwa

Kwetu Nakuru, miaka ya themanini, mbwa hakununuliwa. Mbwa wa jirani akizaa, mama alituma mtoto kwenda kutuwekea mmoja, na vijibwa vilipoanza kula ugali tulimfuata wetu tukiwa na sukari au mayai ya kumshukuru mwenyewe. Simba alikuja hivyo. Alikula makombo, akalala nje, na siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa tulimburuta kwa kamba hadi kwa chifu. Sisifu kila kitu cha enzi hizo. Mbwa walizaana ovyo, wa ziada wakatupwa, na waliozagaa mitaani waliuawa kwa sumu.

Nairobi nilikuta mambo mengine. Wizi wa majumbani ulikuwa umewatia watu hofu, na kila lango lenye kibao cha "Mbwa Kali" lilitaka mbwa wa kulingana na kibao: German Shepherd, Rottweiler. Mbwa sasa alikuwa na ukoo, cheti na bei. Asiyeimudu bei hiyo alinunua kwenye foleni ya magari, ambako wachuuzi waliinua vijibwa hadi dirishani. Kaka yangu alimchukua mmoja huko, akaapiwa kuwa ni German Shepherd halisi na kwamba amechanjwa. Wiki haikuisha kijibwa kikaanza kutapika na kuhara damu. Parvo. Chanjo ya ugonjwa huo hurudiwa mara kadhaa katika miezi ya kwanza ya maisha. Kijibwa kilichotengwa na mama yake mapema na kushindishwa juani kingeponea wapi? Muuzaji hakuonekana tena.

Sisi tulipotaka mbwa, mke wangu ndiye aliyesema twende KSPCA, Barabara ya Lang'ata. Chama hicho cha kutetea wanyama kina mizizi tangu 1910, lakini wengi wetu tulikijua kama mahali pa kumpeleka mbwa usiyemtaka. Kaka alicheka: "Shemeji, sasa askari unamtafuta gerezani?"

Maswali tuliyoulizwa huko yangetosha kuposea binti. Uwanja una ua? Nani atabaki naye mchana? Mkisafiri je? Mtamfunga mnyororo? Niliyapenda sana maswali hayo, kwa sababu muuza mbwa wa foleni hajawahi kumuuliza mtu lolote ila pesa.

Tulitoka na jike wa kienyeji, mwekundu, sikio moja limelala. Alikuwa amechanjwa na kufungwa kizazi, na ada tuliyolipa ilikuwa ya kusaidia gharama hizo. Majirani wengine bado hunung'unika kulipia "mbwa wa kuokotwa". Waache wanung'unike. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na lengo hilo linahitaji angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Haliwezekani iwapo kila mwaka tunazalisha wengine wa kutupa. Kuhusu ulinzi, huyu wetu hubweka mtu angali mbali, na manyoya yake mafupi hayamsumbui kwenye joto. Kaka mwenyewe amekwisha kumchukua wake huko huko.

Ukienda, usikimbilie vijibwa. Mwangalie mbwa mzima: tabia yake unaiona siku hiyo hiyo, na ndiye anayekaa muda mrefu bila kuchukuliwa.