Msipimwe kwa Barafu Yetu

Sisi wazee wa Mlima Kenya tuna kasumba moja. Kijana akirudi Naro Moru akatwambia amepanda njia fulani ya barafu, hatumuulizi habari za safari, tunamuuliza daraja la ugumu wake. Akitaja namba tunatazamana, na hakosi mmoja wetu wa kusema kwamba enzi zetu njia hiyo ilikuwa ya wanafunzi. Akisema ameshindwa akageuka, basi tena: vijana wa leo wamelegea, wamelelewa kwa chipsi na simu. Maneno haya nimeyasikia barazani kwetu miaka mingi, na leo nayapinga nikiwa nimekaa kwenye baraza hilohilo.

Daraja linalotajwa kitabuni ni habari ya watu fulani, mwezi fulani, juu ya barafu ya mwaka ule. Mwamba hukaa miaka na mikaka bila kubadilika sana. Barafu haina tabia hiyo. Asubuhi ni ngumu, saa nne maji yanachuruzika, na usiku inafunga upya. Aliyeipanda Agosti na aliyeipanda Februari hawakupanda njia moja, hata kama wameandika jina moja kwenye daftari la kibanda cha wapanda mlima.

Na mlima wetu una mambo yake. Umekaa kwenye ikweta, kwa hiyo hauna msimu mmoja wa baridi. Kuanzia Desemba hadi Machi jua huegemea kusini. Upande wa kusini hukauka na ule wa kaskazini hushika barafu. Kuanzia Juni hadi Oktoba mambo hugeuka, kaskazini ndiko kwenye mwamba mkavu na kusini ndiko kwenye baridi. Ndiyo maana waongozaji wa zamani, kabla ya kumjibu mgeni aliyetaka kujua njia ni ngumu kiasi gani, walimuuliza kwanza anakuja mwezi gani.

Chukueni Diamond Couloir, ule mfereji mwembamba wa barafu unaopanda upande wa kusini kati ya Batian, yenye mita 5,199, na Nelion, yenye mita 5,188. Juu yake barafu inaning'inia. Mwaka 1899 Halford Mackinder, akiwa na César Ollier na Joseph Brocherel, alivuka barafu hiyo ya juu kwa kuchonga ngazi hatua kwa hatua, ikawachukua saa tatu. Ilikuwa ngumu kiasi cha kuitwa Diamond, yaani almasi. Mfereji wenyewe ulisubiri hadi 1973, ulipopandwa na Phil Snyder na Mkenya mwenzetu Thumbi Mathenge. Jina hilo la pili vijana wengi hawalijui, na hapo lawama ni yetu tuliokaa kimya, si yao.

Barafu nzuri ya mfereji ule, aliyeionja haisahau. Shoka linaingia kwa pigo moja, linatoa mlio mzito mfupi, na ukilivuta halitikisiki. Meno ya kramponi, vile vyuma vya chini ya buti, yanazama kidogo tu, na hapo unaweza kusimama ukapumua. Parafujo ya barafu ukiizungusha inakaza mpaka mwisho, na unga mweupe unatoka kwenye tundu lake bila kukatika. Barafu mbaya nayo ina dalili zake. Pigo la kwanza linamegua kipande kipana kama sahani, la pili linatoa sauti ya uwazi, na ukitega sikio unasikia maji yakipita kwa nyuma. Parafujo inaingia urefu wa kidole, kisha inagonga jiwe. Mita ni zilezile, mwinuko ni uleule, kitabu ni kilekile, lakini kazi si ile tena.

Sasa sehemu ya chini ya mfereji huo imevuliwa nguo. Pale tulipoanzia kwenye barafu nene, pamebaki mwamba mtupu uliosimama wima. Miaka mingine, mvua ikinyesha vizuri na usiku ukaganda, utando mwembamba hurudi. Miaka mingine haurudi kabisa. Kijana anayefika pale leo na namba ya baba yake mfukoni anakuta mtihani mwingine. Anatakiwa anase ncha ya shoka kwenye ufa wa jiwe, asimame kwa meno ya chuma juu ya ukingo usiotosha unyayo, ndipo aifikie barafu. Huo ni ufundi ambao wengi wetu hatukuwa nao, kwa sababu hatukuuhitaji.

Lakini nisije nikawadanganya kwamba kila kitu kimekuwa kigumu. Kwingine kumelainika. Safari ya Point Lenana, mita 4,985, zamani ilipita ukingoni mwa barafu ya Lewis, na mtu mwenye akili alitazama miguu yake asije akateleza akaenda moja kwa moja. Leo mgeni mwenye buti nzuri na pumzi ya kutosha anatembea juu ya mawe. Barafu hiyo ya Lewis imepoteza zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake tangu ilipopimwa mwaka 1934. Waliokwenda kupanda Nelion tuliwavusha juu yake asubuhi na mapema mpaka shinani mwa mwamba. Waongozaji wa sasa wanapita kwenye kifusi kinachoporomoka, na shina la mwamba limeshuka, kwa hiyo wanaanza chini ya pale tulipoanzia sisi. Hatari ya nyufa za barafu imepungua, hatari ya mawe imeongezeka. Mtu atapimaje hayo kwa namba moja?

Ndugu zetu wa Kilimanjaro wanalijua hili kwa uchungu zaidi. Barafu ya Heim, iliyopandwa mara ya kwanza mwaka 1957, ilikuwa njia ya sifa, na leo imekatika vipandevipande. Mwaka 1978 Reinhold Messner na Konrad Renzler walipanda ukuta wa Breach kwa kupitia mnara wa barafu uliokuwa ukining'inia, na mnara wa namna hiyo si kitu cha kutegemea kwamba utakikuta. Njia ya Western Breach, iliyo jirani, kitabuni haitishi, kwani watu wengi huipanda kwa miguu. Hata hivyo Januari 2006 mawe yaliporomoka huko yakawaua Wamarekani watatu. Barafu hushika mawe mahali pake, na ikiondoka, mlima unayaachia bila kuangalia nani yuko chini. Daraja hueleza ugumu wa hatua tu. Jiwe linalotoka juu halimo.

Jambo la pili tunalolisahau barazani ni vifaa. Mackinder na wenzake walichonga ngazi kwa shoka refu. Kizazi chetu kilipata shoka fupi lenye ncha iliyopinda na kramponi zenye meno ya mbele, na mtu akaweza kupanda barafu wima akiitazama usoni. Januari 1975 Yvon Chouinard, mmoja wa walioviboresha vifaa hivyo, alikuja mwenyewe na Michael Covington wakapanda moja kwa moja ule ukuta wa barafu wa juu wa Diamond. Fikirini bahati hiyo: chuma bora kilitufikia wakati barafu ingali nene. Waliotutangulia walikuwa na barafu bila chuma. Wanaotufuata wana chuma kizuri kuliko chetu, na barafu inawakimbia. Sisi tulikaa katikati, tukala pande zote mbili, kisha tukajiita mashujaa.

Kwa nini inakimbia? Joto limepanda, lakini si joto peke yake. Barafu ya huku huishi kwa mawingu na theluji mpya. Theluji ikiwa nyeupe hurudisha mwanga wa jua; isipoanguka, barafu kuukuu yenye vumbi hubaki wazi, hulimeza jua na kulika. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilieleza kwamba barafu ya Mlima Kenya huenda ikaisha katika miaka ya 2030, na ile ya Kilimanjaro na Ruwenzori katika miaka ya 2040. Maji yakimwagika hayazoleki, na mpagazi wa Naro Moru hakuyamwaga yeye.

Basi tuwarithishe nini? Nawaona vijana wanaojifunza kwenye miamba ya Lukenya na Hell's Gate, na kwenye kuta za ndani Nairobi. Vidole vyao vina nguvu kuliko vyetu, na kwenye mwamba mkavu wangetuacha mbali. Wanachokosa ni macho ya barafu, kwa kuwa hawakupata ya kuwafundisha. Macho hayo tunayo. Tunajua anga ya usiku ikiwa wazi barafu itakaza, na mawingu yakilala juu ya kilele haitakaza. Tunajua rangi ya kijivu inayomaanisha maji kwa ndani. Tunajua saa ya kugeuka. Hiyo ndiyo mali, na namba zetu ni risiti tu za vitu vilivyokwisha nunuliwa.

Uskoti, ambako watu hupanda mifereji ya barafu kila majira ya baridi, hutoa namba mbili kwa njia nyingi: ya Kirumi kwa uzito wa safari nzima, na ya kawaida kwa hatua iliyo ngumu kuliko zote. Bado hubishana, kwa sababu theluji nyingi hufunika hatua ngumu na theluji haba huiacha wazi. Nasi tuongeze yetu: kila anayeandika njia ya barafu kwenye daftari aweke mwezi, mwaka, unene wa barafu, na mahali alipokuta mwamba. Baada ya miaka michache daftari hilo litafaa kuliko kumbukumbu za baraza zima.

Nanyi wanangu, mkigeuka kwa sababu barafu haikufunga, semeni hivyo mbele yetu bila kuinamisha kichwa. Na mzee atakayetaja daraja lake bila kutaja mwaka, mwacheni amalizie chai yake peke yake.