Safari ya Siakago kwa Motokaa ya Kulala

Si kila msafiri afikaye Siakago huuliza nyumba ya wageni. Wako wachache wajao na malazi yao wenyewe: motokaa ndogo iliyofungwa pande zote, yenye kitanda, jiko, sanduku la vyakula na mtungi wa maji. Mtu wa namna hii hudhani ya kuwa hamhitaji mtu. Siakago humfundisha vingine.

Motokaa za namna hii si jambo la jana. Kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilianza kutengeneza gari lake la sanduku mwaka 1950, injini ikiwa nyuma, na nguvu zake zilikuwa za farasi 25 tu. Mwaka uliofuata, kampuni ya Westfalia ikaanza kuliwekea kitanda na kabati. Siku hizi wengine hununua motokaa ndogo zilizokwisha kutumika Japani, kisha humpa seremala kazi ya kutia mbao ndani. Faida yake ni kwamba motokaa ndogo hula petroli kidogo na hupita mahali pembamba. Walakini haisamehi mzigo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mwenye kuchukua lita 40 amechukua kilo 40, na kila kilo huonekana penye mlima na penye magurudumu. Kwa hiyo mwenye motokaa hiyo hana budi kujiuliza kila asubuhi: kitu hiki ni cha lazima, au ni cha anasa?

Njia ya kutoka Nairobi hupita Thika hadi Makutano, na hapo msafiri hushika njia ya kulia iendayo Embu. Hupita katikati ya mashamba ya mpunga ya Mwea, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950, kisha hupanda mpaka mji wa Embu, penye kahawa na hewa ya baridi ya Mlima Kenya. Kutoka Embu huteremka upande wa mashariki. Kahawa hukoma, na mahali pake huja migunga, miembe, mtama, kunde na pojo. Hii ndiyo nchi ya Wambeere. Siakago ulikuwa mji mkuu wa Wilaya ya Mbeere, iliyotengwa na Embu mwaka 1996. Leo u katika Kaunti ya Embu, na kilima cha Kiang'ombe huonekana karibu yake.

Katika miezi ya kiangazi, jambo la kwanza ambalo mgeni huliona hapa ni mitungi ya lita 20. Imo migongoni mwa wanawake, juu ya punda na juu ya baiskeli. Mgeni aliyezoea kuosha vyombo kwa maji mengi hutambua ya kuwa maji yale aliyoyamwaga chini ni safari ya mtu mwingine. Akiomba kujaziwa mtungi wake bure, ameomba jasho la mama fulani. Basi yampasa ayanunue kwa bei ya wenyeji, au aje nayo kutoka Embu, na ayatumie kwa kipimo. Kipimo hiki, ambacho yeye amelazimishwa na udogo wa motokaa yake, wenyeji walikijua tangu zamani kwa sababu ya nchi yao.

Jambo la pili ni mahali pa kulala. Shamba lililo tupu si shamba lisilo na mwenyewe. Mwenye adabu hafungi mapazia na kulala kimyakimya kando ya boma la watu. Hufika kabla ya jua kutua, hupiga hodi, husema, "Shikamoo, mzee," na kueleza safari yake. Aghalabu mzee hushangaa kidogo: mgeni gani huyu ajaye na kitanda chake? Asipoelezwa, huenda akaona amedharauliwa. Lakini mgeni akikubali kikombe cha chai na kununua maembe au kuku pale pale, mashaka huondoka, na usiku huo motokaa yake hulindwa kama mali ya nyumbani.

Motokaa nyingine ndogo husafiri mbali sana kutoka nchi hii bila kulala kabisa. Hizo huchukua mugukaa, jani litafunwalo ambalo hulimwa Mbeere na huuzwa hata Mombasa. Jani hilo halingoji; likinyauka, thamani yake imekwisha. Kwa hiyo madereva wake hukimbia usiku kucha, na msafiri asiye na haraka afadhali aiache barabara mapema jioni.

Asubuhi msafiri akitaka kuendelea, yuko na njia ya kwenda Ishiara penye soko, kisha kuvuka Mto Thuci, kupita Tharaka na Mitunguu mpaka mji wa Meru. Kabla ya kuondoka na afagie alipolala, achukue taka zake, na arudi kumwaga mwenyeji wake. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema kwamba ajaye na kitanda chake amesamehewa.